Uliza Mwalimu: Paka kwa gunia, mbwa wa asubuhi, na shemeji anayelia

Wasomaji wangu, mwezi uliopita niliandika mstari mmoja tu, tena chini kabisa ya ukurasa, kwamba mwenye swali kuhusu ile misemo ya Kiingereza yenye wanyama ndani anitumie, nikadhani nitapata mawili matatu niyajibu nikinywa chai hapa Section 58, Nakuru, kumbe nimejiletea kazi. Meseji zimeingia mpaka simu ikaanza kugoma. Nimechukua hizi, zingine zilikuwa zinafanana na zingine zilikuwa matusi tu ya mtu kwa jirani yake akitaka mimi nimtafsirie kwa Kiingereza, hizo nimeacha.

SWALI: Mwalimu habari yako. Mimi nauza mitumba hapa Kibuye, Kisumu. Kwa chama chetu nilimwambia mama mmoja kwamba mwenyekiti ashachukua mkopo wa pili na sisi wengine bado hata wa kwanza hatujaona. Mwenyekiti kusikia hivyo akanisimamia mbele ya watu akasema ati "you have let the cat out of the bag". Nimekaa na hayo maneno wiki mbili sasa. Paka kwetu si mnyama wa kutajiwa mtu ovyo. Alikuwa ananiita mchawi? (Mama wa mitumba, Kibuye)

JIBU: Pole mama, lakini hapana, hakukuita mchawi, na ukiangalia vizuri ni yeye amejikaanga na mafuta yake. Huo msemo maana yake ni umetoboa siri. Yaani mbele ya wanachama wote amekubali kwamba siri ilikuwepo. Ningekuwa wewe ningemwomba arudie, polepole, katibu akiandika.

Sasa paka aliingiaje kwa gunia. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba Uingereza ya zamani mtu alikuwa akienda sokoni kununua kitoto cha nguruwe anapewa kikiwa kimefungwa ndani ya gunia, na muuzaji mjanja anaweka paka mle ndani badala ya nguruwe, wewe unalipa unaenda zako, ukifungua nyumbani, nyau. Wana msemo mwingine wa familia hiyo hiyo, "a pig in a poke", na hiyo poke ni neno la kale la mfuko, ndilo lilizaa pocket ya kwa suruali. Wajerumani mpaka leo wanasema kununua paka kwenye gunia na Wafaransa nao wana paka wao mfukoni. Na sisi? Sisi tuna kuuziwa mbuzi kwenye gunia, kwa hivyo mama hiyo kitu unaijua tangu zamani, ni mnyama tu amebadilishwa.

Mimi hiyo hadithi ya sokoni naipenda lakini siimezi yote. Paka akifungwa kwa gunia hanyamazi, anakwaruza, analia, na uzito wake si wa nguruwe, sasa huyo mnunuzi alikuwa kiziwi? Chenye tuna uhakika nacho ni kwamba msemo wenyewe ulichapishwa kwa gazeti moja la London mwaka wa 1760, mtu akilalamika kwamba mwandishi fulani amefichua mambo ya kitabu mapema. Kuna wengine watakuambia huyo paka ni ile mijeledi ya mikia tisa ya mabaharia, iliyoitwa "cat o' nine tails", mwambie asante na uendelee na kazi yako, mjeledi na siri vinahusiana wapi.

Alafu nisijifanye mjanja sana. Mwaka fulani hapa hapa Nakuru karibu na steji nilionyeshwa simu nzuri, nikaishika, nikaiwasha, ikawaka, kijana akaichukua ati anifungie vizuri na karatasi na selotepu, nikalipa, nikapanda matatu. Kufika Njoro nafungua, kipande cha sabuni ya kufulia, tena kimekatwa saizi ya simu kabisa, hata kona zimechongwa. Kwa hivyo wakati nauliza kama mnunuzi alikuwa kiziwi, mimi sikuwa kiziwi wala kipofu na bado nilienda na sabuni.

SWALI: Mwalimu nipo fomu thri, shule iko Bungoma. Niliandika kwa insha "it was raining cats and dogs" mwalimu wetu akachora mstari mwekundu akaandika imechoka. Na mimi nilisoma kwa WhatsApp kwamba zamani wazungu waliishi kwa nyumba za nyasi na paka na mbwa walikuwa wanalala juu ya paa, mvua ikinyesha wanateleza wanaanguka. Nani ako sawa?

JIBU: Mwalimu wako ako sawa kijana wangu, na hao wa WhatsApp wamekudanganya.

Mimi nimezaliwa kwa nyumba ya nyasi, karibu na Webuye si mbali na kwenu, na nakuambia hivi. Paka wa nyumba ya nyasi akinusa mvua tu ako jikoni pale kwa majivu, huwezi mtoa. Mbwa ako chini ya ghala. Hakuna mbwa nimewahi kuona juu ya paa la nyasi, atapandia wapi, na akipanda babu alikuwa anamshusha na fimbo kwa sababu nyasi ikivurugwa nyumba inavuja na kuezeka upya ni kazi ya kijiji kizima. Na nyasi ikiezekwa vizuri maji yanateremka tu juu juu, ndani kunabaki kukavu, sasa mnyama kuteleza kutoka huko ni kutoka wapi. Aliyetunga hiyo stori hajawahi kulala kwa nyumba ya nyasi hata usiku mmoja.

Ya ukweli ni kwamba asili ya huo msemo, ambao maana yake ni mvua kubwa sana, haijulikani. Mshairi Henry Vaughan mwaka wa 1651 aliandika kuhusu mbwa na paka kunyesha, mwaka uliofuata hivi kuna mwingine akasema mbwa na vicheche, alafu mwandishi Jonathan Swift mwaka wa 1738 ndo akauandika vile tunavyoujua. Huyo huyo Swift mwaka wa 1710 alikuwa ameandika shairi kuhusu mvua ya London, maji yanapita barabarani yakibeba watoto wa mbwa waliokufa maji, samaki wameoza, paka wamekufa na majani ya mboga. Yaani fikiria mtaro wa soko siku ya mvua kubwa, vile inateremka na kila kitu. Wengine wanasema picha kama hiyo ndo imebaki kwa msemo. Mimi naona inakaa ukweli kuliko ya paa, lakini siwezi kukuapia.

Kuhusu insha sasa. Wenyewe Waingereza hawausemi sana siku hizi, umebaki kwa insha za Kenya tu. Badala yake andika ulichoona. Huko kwenu mvua ikija inaanzia Mlima Elgon, unaisikia kwa mabati ya jirani kabla haijafika kwenu, mama anakimbilia mahindi yaliyoanikwa kwa turubai. Andika hiyo kwa Kiingereza chako na uone kama atachora mstari.

SWALI: Bwana mwalimu, nafanya kazi ya ofisi hapa Nakuru mjini. Ijumaa tulikuwa na sherehe ya kuaga mwenzetu, Jumamosi asubuhi bosi ambaye ni mgeni kutoka nje akaandika kwa grupu ati "who needs a hair of the dog?" Mimi nikajibu hapana asante sina mbwa. Wamenicheka mpaka leo. Nilikosea wapi?

JIBU: Hukukosea ndugu, umewapa kitu cha kucheka na hiyo nayo ni kazi. Bosi wako alikuwa anauliza nani anataka kutoa loki. Ndio, hiyo hiyo, kile kichupa cha asubuhi cha kutoa maumivu ya jana.

Msemo mzima ni unywele wa mbwa aliyekuuma. Zamani sana watu waliamini ukiumwa na mbwa mwenye kichaa, dawa ni nywele za mbwa yule yule, unaziweka kwa kidonda au unazichoma. Hata Pliny, yule Mrumi wa karne ya 1, ameitaja hiyo dawa ya majivu ya nywele za mkia. Kufika mwaka wa 1546 John Heywood anakusanya methali za Kiingereza, tayari unywele umehama kutoka kwa mbwa umeenda kwa pombe, mlevi anaomba unywele wa mbwa aliyemuuma jana usiku. Kwa hivyo loki ni ya zamani kuliko baa zote za Nakuru.

Na dawa zote mbili hazifanyi kazi, hapo wacha niwe mwalimu kidogo. Ya pombe inaahirisha tu, deni linakungoja mchana. Ya mbwa ni mbaya zaidi kwa sababu kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakuna kurudi. Ukiumwa osha pahali hapo na sabuni na maji mengi dakika 15, usipige hesabu, alafu nenda hospitali siku hiyo hiyo uchanjwe. Chanjo iko tangu 1885, Louis Pasteur alianza na mtoto wa miaka 9 anaitwa Joseph Meister kule Ufaransa, na mtoto akapona. Sasa nikiona mtu 2020 na kitu huko anapaka kidonda mafuta ya taa nashindwa kusema.

Kwa bosi mjibu tu "mine was a big dog". Atakununulia soda.

SWALI: Mwalimu mimi ni mama wa watoto watatu hapa Kakamega. Mtoto wa mwisho ameletewa ripoti ya shule imechorwa bundi amevaa miwani, na chini wameandika "wise as an owl". Mama mkwe alipoona akaniambia nirudishe hiyo karatasi usiku isilale ndani. Nimeificha kwa gari. Nifanyeje?

JIBU: Mama, kwanza pongezi kwa mtoto, maana katikati ya haya yote naona hakuna mtu amempongeza.

Bundi kwetu tunamjua. Akilia juu ya paa usiku mmoja tu, asubuhi kila mtu anapigia wagonjwa simu. Wajaluo wanamwita tula na hawamchekei, na sisi huku kwetu pia hatumchekei, sasa shule inamvalisha miwani. Hekima ya bundi ilitoka kwa Wagiriki. Mungu wao wa kike wa hekima, Athena, ndege wake alikuwa bundi, na mji wa Athens ulimpiga muhuri kwa pesa zake za fedha, mpaka leo sarafu ya yuro moja ya Ugiriki ina bundi huyo huyo, amekodoa macho. Waingereza waliposoma vitabu vya Wagiriki wakamchukua.

Lakini hii ndo watu wengi hawajui, na umwambie mama mkwe. Waingereza wenyewe walikuwa wanamwogopa! Warumi pia, bundi akiingia mjini mchana ilikuwa ni balaa. Kwa Macbeth, ile tamthilia ya Shakespeare, usiku mfalme anauawa ni bundi analia, na mke wa Macbeth anamwita mpiga kengele wa kifo. Kwa hivyo Kiingereza kina bundi wawili, mmoja wa shule na mmoja wa usiku, na mama mkwe wako na Shakespeare wako upande mmoja. Sidhani kama atakataa kukaa na Shakespeare.

Kama bado hataki, kata picha na makasi, bakisha alama za mtoto. Na mkiwa na mahindi kwa ghala, bundi anakula panya usiku kucha bila mshahara, lakini hiyo usimwambie siku moja na ile nyingine, mwache akae nayo kwanza.

SWALI: Mimi niko Khayega. Wakili mmoja kwa runinga alimwita mwenzake "a bull in a china shop". Kwani fahali alienda kwa duka la Mchina kufanya nini?

JIBU: Hahaha. Ndugu yangu wa Khayega, ni wewe na sio mtu wa Nairobi ungefaa kuuliza hiyo.

Hiyo china si Mchina, ni vile vikombe na sahani za kauri zenye zikianguka hazisalimiki, ziliitwa hivyo kwa sababu kauri nzuri ilitoka Uchina. Maana yake ni mtu anaingia kwa jambo linalotaka utaratibu yeye anaingia na mabega. Msemo umeshika tangu karne ya 19 mwanzoni. Chekesha ni kwamba mwaka wa 2007 kipindi kimoja cha televisheni huko Marekani walipanga rafu za vyombo uwanjani wakaachilia mafahali katikati, na wale ng'ombe wakapita kati ya rafu kwa kona zote kama wanacheza densi, karibu wasiguse kitu. Wewe umeona fahali za kupiganishwa za Ikolomani asubuhi zikipelekwa uwanjani, watu wanapiga isukuti wanaimba pande zote, na fahali anatembea katikati yao anajua kabisa mguu anaweka wapi. Anayevunja vitu siku hiyo mara nyingi ni mashabiki.

Na hawaoni nyekundu vile wanadamu tunaiona, kwa hivyo hata hiyo ya kitambaa chekundu iache.

SWALI: Nauza samaki Dunga. Mteja wangu wa Kiingereza kingi anasema siasa yote ni "red herring". Huyo ni samaki gani na bei yake?

JIBU: Herring ni samaki wa bahari za kaskazini, mdogo wa fedha fedha, akilowekwa chumvi na kukaushwa kwa moshi mkali siku nyingi anageuka mwekundu wa kahawia na harufu yake, sasa hiyo wewe unaijua, ni kama kubeba mbuta wa moshi ndani ya matatu ya Kisumu na madirisha yamefungwa, mpaka dereva anageuka. Mwandishi mmoja Mwingereza, William Cobbett, alisimulia mwaka wa 1807 kwamba alipokuwa mtoto aliwahi kuburuta samaki kama huyo ardhini ili mbwa wa kuwinda waache njia ya sungura wafuate harufu. Alikuwa anawasema magazeti ya wakati huo, yaliyokuwa yamemezeshwa habari za uongo ati Napoleon ameshindwa, yakasahau mambo ya nyumbani. Ndo hapo ikashika, kitu kinachotupwa njiani mfuate msiangalie penyewe. Mteja wako anajua anachosema. Bei mwambie ni ya mbuta.

SWALI: Mwalimu, nakuandikia kutoka Usenge kando ya ziwa. Tumezika dada yangu mwezi uliopita. Shemeji alilia mpaka akashikwa na watu wawili, alafu kabla hata tenti hazijatolewa akaanza kuulizia ng'ombe na pikipiki. Binamu yangu akasema hayo ni machozi ya mamba. Mjomba naye akasema hapana, huo ni uzungu, mamba wa hapa hawalii. Wamebishana matanga yote. Tusaidie.

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Na niseme kwanza, huzuni ya mtu ni ngumu kuipima, kuna watu wanaulizia pikipiki kwa sababu hawajui wataulizia nini kingine. Lakini mimi sikuwepo, nyinyi mlikuwepo.

Kuhusu mamba, mjomba ako sawa nusu. Msemo ulikuja na vitabu. Kuna kitabu cha safari cha karne ya 14 cha mtu anayejulikana kama John Mandeville, amejaza mle ndani majoka ya ajabu, ndio mamba hao, yanayoua watu na kuwala yakilia, na Waingereza wakaamini, Shakespeare akautumia kwa Othello, mpaka leo wanasiasa wanarushiana. Maana yake ni kilio cha kujifanya.

Lakini binamu naye hajakosea. Mamba ana tezi za machozi kama wewe na mimi, zinalainisha jicho akiwa nchi kavu, na mtu wa Dunga au Usenge ambaye amemwona amelala kwa mchanga mdomo wazi anaweza kuwa ameona jicho limelowa. Alafu mwaka wa 2007 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Florida anaitwa Kent Vliet na mwenzake daktari walichukua jamaa za mamba saba wa kule Marekani, wale waliozoea kulishiwa nchi kavu, wakawapiga picha wakila. Watano kati ya saba macho yalitoa maji, wengine mpaka povu. Wanafikiri ni ile hewa mamba anasukuma kwa nguvu akila, inapita kwa pua inafinya machozi yatoke. Hakuna huzuni hapo.

Kwa hivyo mwambie mjomba mamba analia, ila analia akila. Na kama shemeji yenu alikuwa na sahani mkononi wakati ule, binamu ameshinda.